Mstari wa Jina la Mama

Mtaa wa Mahiwa, Kariakoo
Dar es Salaam
8 Februari 1976

Dada Sitara,

Shikamoo. Naiandika barua hii nikiwa barazani, miguu nimeinyoosha, majirani wananiona na kalamu mkononi na wanajua hapa pana habari kubwa. Huku wote hatujambo, isipokuwa wenye kijicho, na hao sijawahi kuwaona wakiwa wazima.

Dada, mwanangu Nassibu anakuja huko kwenu Namichele. Soma tena kama hukuamini. Huyu huyu Nassibu wangu, aliyekuwa akiuza mafuta ya kupikia kwa chupa tangu baba yake Awadhi alipofariki, na juzi juzi akapata kizimba ndani ya soko jipya, hili lenye paa kama miavuli. Kizimba amekiachia. Analeta kiwanda! Mashine ya kukamua ufuta, ya chuma tupu, nzito kama gari. Kaagiziwa na Indravadan, mwenye duka wa Mchafukoge, ambaye sanduku lake la posta ndilo linalopokea barua zetu.

Ni hivi. Serikali imetangaza kwamba zile wilaya zilizoachwa nyuma, mtu akipeleka kiwanda kidogo na kushirikiana na kijiji, mashine haitozwi ushuru na kiwanda hakitozwi kodi kwa miaka mitano. Chini kulikuwa na masharti ila sikuyafikia, miwani niliazima kwa Shanta, mke wa Indravadan, naye alikuwa anaitaka. Nachingwea ni ya tatu kwenye orodha. Nilipoiona nikacheka, nikasema leo kuachwa nyuma kumekuwa sifa.

Unamkumbuka Hyasinta niliyekwambia, yule mama wa Masasi anayeuza maandazi, ambaye pia ndiye balozi wetu wa nyumba kumi? Miaka mitatu nasikilizishwa Augustino wake, karani wa bandari. Augustino kapewa viatu, Augustino kapanda cheo. Jana nimemwambia, "Balozi, wako anahesabu magunia ya watu. Wangu serikali imemwambia, tafadhali bwana, kodi usilipe." Akamwaga unga.

Sasa sikiliza. Nassibu hali kisamvu bila nazi. Maji ya kisima yachemshwe. Atalala kwako kwa kuwa hoteli hamna, lakini asizoee.

La mwisho, na usikasirike. Nyuma ya bahasha usiandike tena "kwa mdogo wangu, mtoto wa Namichele". Barua zinakaa kaunta kwa Indravadan siku mbili, na kila anayekuja kuulizia yake anazigeuza zote. Hapa watu wananijua mtoto wa mjini, nimezaliwa hapa hapa Kariakoo, na ndivyo ilivyoandikwa hata kwenye kadi yangu ya chama. Ni mambo ya mjini haya, wewe huwezi kuyaelewa.

Mdogo wako,
Mboni binti Uwesu
Mama Nassibu, wa Kariakoo


Namichele
Wilaya ya Nachingwea
2 Aprili 1976

Mdogo wangu Mboni,

Marahaba. Barua yako imefika imelowa, kwa kuwa mto ulijaa na barabara ikafungwa. Nassibu aliitangulia. Mwandiko wangu usiucheke, ni wa kisomo cha watu wazima, mkono unachoka upesi.

Mashine ilishuka melini Lindi, ikaja na lori mpaka mtoni, ikakwama. Wanaume walikwenda na kamba, wanawake na nyimbo. Siku mbili tukaivuta. Hapa hapajawahi kuletwa kitu kikubwa hivyo ila na Wazungu wa mashamba ya karanga, nao waliondoka wakaacha vyuma vyao porini. Wazee wamemuuliza Nassibu kama na yeye ataondoka. Amesema hapana.

Mwanetu hajambo. Kisamvu anakula, bila nazi, na anaongeza. Maji nachemsha kama ulivyosema, lakini nikigeuka anakunywa ya mtungi.

Bwana Polycarp, afisa biashara wa wilaya, alikuja na fomu ya msamaha wa kodi, kurasa sita. Msamaha ni kwa mzawa wa hapa au mtoto wa mzawa, ili watu wa mbali wasije wakachukua jina la wilaya yetu na kuondoka nalo. Palikuwa na mstari wa jina la mama uliotusumbua kidogo, lakini tuliumaliza pale pale mezani. Kijiji kizima kimeweka dole gumba. Mimi niliweka sahihi.

Nyuma ya bahasha sikuandika kitu.

Dada yako,
Sitara


Kariakoo
20 Mei 1976

Dada Sitara,

Shikamoo. "Mwanetu"? Neno hilo nimelisoma mara nne. Mara ya tano nikampa Shanta anisomee, nikidhani labda macho yangu. Akasema ni neno zuri, hata kwao mtoto wa dada ni wa wote. Nikamwambia rudisha barua yangu.

Sikatai. Mila naijua, mtoto wa mdogo mtu ni mtoto wa dada mtu. Lakini mila haikulala wodini siku mbili ikiuma mto. Mila haikubeba beseni la samaki kichwani kutoka feri mpaka Kariakoo ili mtoto avae viatu vya shule. Niliyebeba ni mimi, na shingo yangu mpaka leo inageukia upande mmoja.

Na kisamvu bila nazi! Hapa nilikuwa nakuna nazi mbili kwa ajili ya mtu mmoja, na bado anasukuma sahani.

Namtumia mkebe wa biskuti, mashati mawili na achari ya embe ya Shanta. Utakapompa, mwambie zimetoka kwa mama yake. Sema hivyo hivyo, "kwa mama yako", na uangalie asigeuke akakutazama wewe.

Barua zake kwangu zina mistari minane. Nimehesabu. Katika hiyo minane mama mkubwa yumo mara tatu, na mimi nimo kwenye shikamoo.

Hapa Jangwani pamejaa maji mpaka kwenye madirisha, vijana wa mpira wanavuka kwa kushikana mikono. Mimi niko juu, mvua hainifikii. Hyasinta ananiuliza, "Mbona Nassibu haji hata kusalimia?" Nimemwambia mwenye kiwanda hana likizo. Akasema, "Augustino anayo."

Mdogo wako,
Mboni
Mama Nassibu


Namichele
11 Julai 1976

Mama,

Shikamoo. Tumekamua! Mafuta ya kwanza yalitoka saa nne asubuhi, mama mkubwa akayaonja wa kwanza, akasema ni ya kweli. Kaya sitini zimeleta ufuta wao. Mama mkubwa ndiye anayewapanga kwa zamu, wanamsikiliza kuliko mimi. Ufuta ni mwingi, tutakamua mpaka mwezi wa kumi na moja. Alikuja mwandishi wa gazeti akatupiga picha mbele ya mashine. Mashati yamenienea, mama mkubwa amepunguza mikono. Usisumbuke kuja mwaka huu, barabara bado mbaya, na kuna mambo mawili matatu nataka tuzungumze ana kwa ana nitakapokuja mimi. Nakutumia chupa moja.

Mwanao,
Nassibu


Kariakoo
15 Agosti 1976

Sitara,

Shikamoo leo sikuandikii.

Jana nimekwenda kwa Hyasinta kununua bagia. Unajua bagia hufungwa kwenye gazeti. Ameshakunja, ameshanipa, mara akaninyang'anya. "Hebu ngoja, Mama Nassibu. Huyu si Nassibu huyu?" Nikasema ndiye, nani mwingine mwenye paji lile. Nikapaza sauti ili wenye mikokoteni wasikie. "Soma, balozi, soma!"

Na yeye akasoma. Mungu alimpa sauti ya kanisani. "Pichani ni Bwana Nassibu Awadhi, mzawa wa Namichele, mbele ya kiwanda chake, akiwa na mama yake mzazi, Bi Sitara binti Uwesu."

Mnoa visu akasimamisha gurudumu lake. Hyasinta akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Kumbe siku zote hizi wewe ulikuwa yaya?"

Wakacheka, Sitara. Watu niliowapa chumvi na kiberiti walicheka. Hata fundi viatu, ambaye ana misumari mdomoni, alicheka nayo.

Nimeiangalia picha hiyo asubuhi, mchana na jioni. Umevaa kanga niliyokutumia mimi mwaka juzi. Umesimama ndani ya kanga yangu, umemshika mwanangu bega, na uso wako umekunjuka kama bibi harusi. Sijawahi kukuona ukicheka hivyo, hata siku niliyoolewa mimi. Siku ile ulikaa jikoni.

Sasa nimeelewa mstari wa jina la mama "uliowasumbua kidogo". Mliumaliza mezani! Miaka ishirini na minane nimeifanya kazi ya umama, wewe umeimaliza mezani, kwa kalamu ya serikali.

Kesho Jumatatu naenda ofisi ya kodi. Nachukua cheti cha kuzaliwa cha Nassibu, kadi yangu ya chama, na gazeti hili pamoja na mafuta yake ya bagia. Nitavaa gauni langu la hariri. Nitawaambia mama wa mtu ni mmoja, na ndiye huyu aliyesimama hapa.

Mboni binti Uwesu
Mama mzazi wa Nassibu


Namichele
28 Septemba 1976

Mama,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na mashine. Imebandikwa karatasi yenye mhuri, isiendeshwe. Ofisi ya kodi ya Dar es Salaam imeandika huku kwamba mama wa mwombaji alifika mwenyewe, na cheti na kadi, na kwa mujibu wa kadi yake amezaliwa Kariakoo. Baba mzaliwa wa Pangani. Kwa hiyo mimi si mtoto wa mzawa, msamaha umesimamishwa. Nikishindwa kuthibitisha vinginevyo mpaka mwisho wa mwezi wa kumi, mashine inachukuliwa kwa ajili ya ushuru wake. Idd tumeila kimya.

Mama, hakuna aliyekuonea ofisini. Kadi yako ndiyo iliyosema.

Siku ya fomu nilitaka kuandika jina lako. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Bwana Polycarp akauliza mama amezaliwa wapi, nikajibu Kariakoo, kama ulivyonifundisha tangu mdogo, kwamba bibi alisafiri akaja kukuzalia mjini. Wazee wakaangua kicheko. "Mboni? Mboni wa Uwesu? Kitovu chake kimezikwa nyuma ya jiko lile pale." Wakanionesha na jiko. Hapo ndipo nilipojua, mama, mtu mzima mwenye ndevu, mbele ya watu arobaini. Nami nilikuwa nimewaambia sharti hilo nitalitimiza kwa kuwa babu yangu ni wa hapa. Kumbe babu hatoshi, wanataka mzazi.

Bwana Polycarp akasema kama kadi yako ya chama inasema Kariakoo, isahihishwe kwanza na mwenyewe. Niliona haya kukuandikia. Niandike nini? Wazee wakasema hapa mtoto akiulizwa mama, anatajwa mkubwa, ndiye msemaji wa wote. Tukamtaja mkubwa, Bwana Polycarp akakubali, karani wake akaandika. Hatukudhani tumeiba. Neno "mzazi" aliliongeza mwandishi wa gazeti.

Nimekosa kwa kukuficha. Lakini mama, na wewe ulinificha kijiji kizima.

Mwanao,
Nassibu


Namichele
28 Septemba 1976

Mboni,

Marahaba, hata kama hukuandika.

Barua yangu naitia ndani ya bahasha moja na ya Nassibu, nisimalize stempu.

Umesema kwenye picha uso wangu umekunjuka. Ni kweli. Wanangu wawili walifariki kabla hawajajua kuniita. Siku ile mezani niliona neno "mama", na mbele yake jina langu, kwa mwandiko wa karani. Nilirudi nyumbani nikaliandika kwenye daftari langu la kisomo, ukurasa mzima, kama zoezi. Mwalimu aliponiuliza ni zoezi gani nilisema ni la herufi kubwa. Kosa la fomu ni la wazee. Hilo la daftari ni langu, na nakwambia kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Siku ya harusi yako nilikaa jikoni kwa sababu wewe mwenyewe uliniambia nisitoke, mama mkwe asinisikie ninavyoongea. Umesahau. Mimi nilirudi Namichele na wivu, nimeutunza miaka thelathini. Kila barua yako ilikuwa inauongezea kuni. Mji, mume, mtoto, soko lenye paa la miavuli. Kwa hiyo usidhani wewe ndiye umeanza.

Sasa hayo tuyaweke pembeni. Ufuta wa kaya sitini umelala chini ya makuti. Mvua ikianza haujakamuliwa utaota na kuoza, na watu hawa hawatamwamini tena mtu yeyote atakayekuja na mashine. Bwana Polycarp anasema inatosha barua moja. Iandikwe na balozi wako wa nyumba kumi, mbele ya mashahidi wawili, ipigwe mhuri wa kata, iseme kwamba wewe mwenyewe umekiri kwa mdomo wako umezaliwa Namichele, na kadi isahihishwe.

Najua balozi wako ni nani.

Dada yako,
Sitara


Kariakoo
14 Oktoba 1976

Mwanangu Nassibu,

Marahaba. Umeniandikia barua ndefu kuliko zote ulizowahi kuniandikia, na hamna hata mstari mmoja ninaoweza kumsomea mtu barazani.

Utaniuliza kwa nini. Nilipofika mji huu nilikuwa na miaka kumi na sita, nimekuja kumsaidia shangazi kulea. Watu wakiniuliza natoka wapi, nikiwaambia, wanauliza kama ni kweli kwetu tunakula panya. Na ilikuwa kweli, mama yako mkubwa ndiye aliyekuwa akiwatega, watamu hasa. Lakini ungewaambia? Halafu akaja baba yako na barua ya posa, na mama yake kutoka Pangani, mwanamke mweupe mwenye kukunja pua, akaniuliza, "Binti, umezaliwa wapi?" Nikasema hapa hapa. Neno moja tu, nikidhani nitalirekebisha tukizoeana. Hatukuzoeana. Lile neno nikawa nalilea pamoja na wewe, mkakua wote.

Siku tatu niliizunguka barua ya dada yako, yaani ya mama yako mkubwa, umeona nimeanza kuchanganya. Siku ya nne nikaenda kwa Hyasinta saa saba, nikijua saa saba hana wateja. Siku hiyo alikuwa nao kumi na mmoja. Nikamwambia nina shida ya kiofisi. Akafuta mikono, akatoa daftari la nyumba kumi, akawaita mashahidi, fundi viatu na Shanta aliyekuwa anapita na kikapu. Wateja hawakuondoka. Wewe ungeondoka?

"Sema, niandike," akasema.

Nikasema kwa kunong'ona.

"Balozi haandiki minong'ono, Mama Nassibu."

"Nimezaliwa Namichele."

"Wapi?"

"Namichele! Namichele, Wilaya ya Nachingwea, nyuma ya jiko la Uwesu, umetosheka?"

Nikafumba macho, nikangoja kicheko. Sikukisikia. Nikafumbua. Hyasinta anaandika tu, ulimi uko pembeni ya mdomo. Akamaliza, akaweka nukta, ndipo akasema, "Mama Nassibu, kila nikikupunjia andazi unanitukana kwa Kimwera. Miaka kumi na tano. Ulidhani nafikiri ni Kizaramo?"

Hapo ndipo walipocheka, Nassibu. Fundi viatu alimeza msumari, au alisema amemeza. Shanta alicheka mpaka akaketi juu ya kikapu chake. Na mimi, nitakwambia ukweli maana leo ni siku yake, nilicheka na mimi, halafu nikalia, halafu sijui nilikuwa nafanya kipi.

Nikamuuliza, "Sasa mbona hukusema?" Akasema, "Ningesema nini? Na mimi, wa porini huko huko Masasi, nilipofika nilisema natoka Ndanda misheni, nikawaacha wafikirie ni Ulaya ndogo." Akanifungia bagia sita kwenye karatasi safi, isiyo na picha. Siku hiyo hazikuwa na hata punje ya mchanga.

Barua ina mhuri wa kata. Kadi yangu imefutwa Kariakoo kwa wino mwekundu, juu yake pameandikwa Namichele. Imekuwa kama mtu aliyekatwa na wembe usoni. Yote nimeyatia ndani ya bahasha hii kwa rejista, Indravadan mwenyewe kanisindikiza posta ili karani asinicheleweshe.

Radhi siombi, mimi ni mama yako. Lakini nimekaa kitako hapa nangoja jibu, chai inapoa.

Na ule mstari kwenye fomu, ufute. Uandike Mboni binti Uwesu. Pamoja na yote niliyosema, hapo sijabadilika.

Mama yako


Namichele
30 Novemba 1976

Mboni,

Hujambo mdogo wangu. Barua yako iliwahi siku yake, na karatasi ya mhuri imebanduliwa tarehe kumi na tano mwezi huu. Bwana Polycarp aliibandua kwa maji ya moto, taratibu, asiharibu rangi ya mashine. Msamaha umerudi, miaka mitano kamili kama walivyotangaza. Mashine haijapumzika tangu siku hiyo, watu wanaizungusha kwa zamu wakiimba. Mvua ya kwanza imenyesha jana. Chini ya makuti hapakuwa na gunia hata moja, kuku tu.

Fomu imeandikwa upya. Nassibu ameandika kwa mkono wake, mama: Mboni binti Uwesu, mzaliwa wa Namichele. Aliandika polepole, akanionesha. Nikamwambia herufi zimekaa vizuri.

Mimi nimeandikwa kwenye mstari wa shahidi. Si mstari mbaya. Una nafasi ya sahihi.

Daftari langu limejaa. Ukurasa wa zoezi lile nimeugandisha kwa gundi na wa pili yake, nisiuone ninapotafuta mengine.

Nassibu anakuandikia kivyake. Amesema usidhani amekasirika, anatafuta maneno tu.

Dada yako,
Sitara


Kariakoo
19 Desemba 1976

Dada yangu Sitara,

Shikamoo. Shikamoo na ile ya Agosti, nimekuandikia zote mbili.

Barua ya Nassibu nimeipata. Kurasa tatu, mbele na nyuma! Mistari nimeshindwa kuhesabu, machozi yalikuwa yananichanganya. Barazani nimewasomea ukurasa wa pili wote. Wa kwanza na wa tatu nimebaki nao.

Ile yako sikuweza kumsomea mtu. Nilipofika kwenye mstari wa shahidi niliifunga, nikaenda kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Dada, nimefikiri. Mstari wa fomu ni wangu na siuachii, serikali yenyewe imeweka mmoja. Lakini fomu inakaa kabatini kwa Bwana Polycarp, na mtoto anakaa kwako. Kwa hiyo tugawane kama watu wazima. Akuite mama Jumatatu mpaka Alhamisi, bila mkubwa, mama tu. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ni zangu, hata nikiwa mbali, na siku hizo umwambie atie nazi. Siku nne ni zako, nimekuongezea moja kwa ajili ya jikoni siku ile ya harusi.

Nakutumia daftari jipya, la kurasa mia. Mazoezi ya humo usiyagandishe kurasa.

Naja. Meli ya Januari, Indravadan ananikatia tiketi. Nitakaa mwezi mzima. Nataka unioneshe hilo jiko, na nyuma yake hasa ni wapi, maana nimeliapia mbele ya watu kumi na mmoja na silikumbuki. Tega na panya wawili watatu, ila usiandike kwenye barua. Hyasinta ananitolea maandazi ya safari, ananituma nimsalimie mtu wake Masasi, na eti nikufikishie kwamba kwenye picha ile ulipendeza. Nimemwambia ni kanga yangu ile.

Bahasha ya barua hii nimeiandika kabla ya barua yenyewe. Tangu juzi iko kaunta kwa Indravadan, tupu, imelazwa kifudifudi kama nilivyoomba, ili nyuma iwe juu. Nimeandika kwa herufi kubwa, "Kutoka kwa Mboni, mtoto wa Namichele." Kila anayeulizia barua yake anaisoma. Leo asubuhi fundi viatu aliigeuza upande wa mbele, nikamwona Hyasinta anamchapa mkono na kuirudisha ilivyokuwa.

Mdogo wako,
Mboni binti Uwesu, wa nyuma ya jiko
Mama Nassibu, mzazi